UZI: Nataka kumvisha pete Zanzibar, nina Ijumaa jioni mpaka Jumapili tu

#1 MkaziWaMakole

Wakuu salaam. Naomba mnikosoe mpango kabla sijalipia chochote.

Tunatoka Dodoma. Ijumaa natoka kazini saa 9:30 alasiri, Jumatatu saa 1:30 asubuhi natakiwa mezani. Hapo katikati nataka nimvishe mwenzangu pete. Yeye anajua tunakwenda kutembea tu.

Mpango: treni ya SGR Ijumaa jioni, kulala Dar, boti ya kwanza Jumamosi, mchana kuzunguka Mji Mkongwe, jioni jua likizama tuwe kwenye Nakupenda, lile fungu la mchanga katikati ya bahari, huku mwezi unachomoza upande wa pili. Ni Julai, na nimeangalia kalenda, Jumamosi hiyo mwezi ni mpevu kabisa. Mishumaa, waridi zimemwagwa mchangani, mtu wa droni. Pete sijanunua na saizi ya kidole chake siijui.

Patabomoka wapi?

#2 Nahodha_Mstaafu

Patabomoka kwenye huo huo mwezi mpevu, yakhe. Saa 12 jioni ya siku hiyo ukienda Nakupenda hukuti fungu, unakuta bahari.

Sikiliza vizuri maana hapa ndipo wageni wengi wanaliwa hela. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Toka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika kama 12, na kila siku saa zinasogea mbele, kwa wastani dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka ni bamvua: yanajaa mno na yanapwa mno, hapa Unguja baina ya juu na chini inafika karibu mita 4. Katikati yake ni maji mafu, hayajai sana na hayapwi sana.

Sasa pwani hii bamvua lina saa zake, halihami. Linapwa baina ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Linajaa baina ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni. Nenda Paje au Jambiani siku za bamvua utawaona wakulima wa mwani wako majini asubuhi, jioni pale pale pana kina cha kuogelea. Nakupenda ni mchanga mtupu, hapana mti wala jiwe, na bamvua likijaa linaufunika wote. Jua linazama wewe umo ndani ya boti unaonyeshwa kwa kidole, "fungu liko hapo chini".

Mvuvi hatazami kalenda ya ukutani, anauliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Mwezi 1 na 15, na siku mbili tatu baada yake, bamvua. Mwezi 8 na 22 au hapo karibu, maji mafu. Mtu anayetaka jua lizame yuko mchangani atafute mwezi 9 au 10, au 23 na 24. Siku hizo kupwa kunaangukia kama saa 12 jioni. Hiyo ni kadirio la kuchagulia wikendi. Ukishachagua, tazama jedwali la maji la bandari ya Zanzibar la siku hiyo, maana karibu na maji mafu saa zinachelewa zaidi ya hizo dakika 50.

Kwa hiyo una mawili: badili tarehe, au badili saa.

#3 MkaziWaMakole

Nahodha, shukrani sana, hilo sikulijua kabisa. Tarehe haibadiliki, ruhusa za kazi zimeshapangwa pande zote mbili. Saa inabadilika. Asubuhi basi?

#4 Nahodha_Mstaafu

Asubuhi, na utashukuru. Julai ni kusi. Upepo wa kusi asubuhi bado mpole, mchana unapanda, alasiri boti ndogo inaruka na bibie amelowa mpaka kilemba. Jumamosi ya mwezi mpevu maji yanapwa karibu na saa 4:30. Ondoka ufukwe wa Forodhani saa 2:30, kwa boti ya mashine ni kama nusu saa, mpo mchangani saa 3. Wakati huo maji bado yanashuka na fungu linazidi kukua mkiwa juu yake. Boti za watalii huanza kumiminika saa 4 kwenda mbele, wanatoka kwanza kisiwa cha Changuu kuwaona makobe. Mnayo saa nzima mpo peke yenu au karibu na hivyo.

Kanuni ni hiyo: panda fungu maji yakiwa yanapwa, usipande yakiwa yanajaa. Yakijaa nahodha anatazama saa kuliko anavyokutazama wewe.

#5 MtuWaStesheni

Hapo ndipo ratiba yako inakatika, mkuu. Boti ya kwanza kutoka Dar huondoka saa 1 asubuhi, safari ni kama saa 2. Ukishuka bandari ya Malindi, Unguja, saa 3, kuna foleni ya kutoka bandarini, mizigo, hoteli. Kupata boti ndogo saa 4 ni kukimbizana, na mtu aliyetoka kukimbizana hapigi goti vizuri.

Njia zako ni hizi:

Ya kwanza, omba ruhusa Ijumaa nzima. Treni ya asubuhi Dodoma–Dar inachukua saa 3 na nusu hivi ikiwa ya haraka, ya kawaida inazidi kidogo. Stesheni ya SGR Dar iko mjini, hadi geti la boti ni mwendo mfupi, kwa bajaji ni dakika chache kama Sokoine Drive haijafunga. Boti ya mwisho huondoka alasiri, kwenye saa 10 kasoro au saa 10 kamili, tazama tiketi yako. Fika geti saa moja kabla. Treni uliyopanda ihakikishe inakuachia angalau saa 3 kati ya kushuka na boti kuondoka. Mnaingia Unguja jua linazama, mnakula Forodhani, mnalala. Jumamosi asubuhi mko freshi.

Ya pili, kama Ijumaa haitoki: sogeza tukio Jumapili asubuhi. Maji yatapwa kama dakika 50 baadaye, yaani saa 5 na ushee. Mnaingia mchangani saa 3:30, mnarudi mjini saa 6, mnapanda boti ya alasiri, mnafika Dar karibu na saa 12 jioni, mnatafuta treni ya usiku. Inawezekana kwenye karatasi. Kiuhalisia, upepo ukizidi na vyombo vikazuiwa Jumapili, umekosa pete na umekosa kazi ya Jumatatu.

Ya tatu, ndege Jumamosi alfajiri. Angani ni kama dakika 20, lakini uwanja wa Dar na wa Kisauni vinakula saa 2 nyingine, na mkoba wa mkononi unapekuliwa zaidi.

Mimi ningepigania Ijumaa. Tukio liwe Jumamosi, Jumapili iwe akiba. Wanaoharibikiwa wengi wameweka jambo kubwa saa za mwisho za safari, "tukimaliza kutembea ndiyo nimvishe".

#6 MkaziWaMakole

Nimeongea na bosi, Ijumaa imetoka kwa kufidia Jumamosi mbili. Tunakwenda na njia ya kwanza.

Turudi kwenye pete. Saizi naipataje bila yeye kujua?

#7 Sonara_wa_Mtaa

Usipime kidole kwa uzi akiwa amelala kama wanavyofundishana. Uzi unavutika, na mtu aliyelala anageuka. Chukua pete anayovaa kidole cha pete au cha kati, iweke juu ya karatasi, chora duara la NDANI kwa penseli iliyochongwa, mara tatu. Peleka kwa sonara. Ukiwa na rula, pima kipenyo cha ndani: mm 16.5 ni saizi 6 ya Kimarekani, mm 17.3 ni 7, mm 18.1 hivi ni 8. Nusu saizi ni mm 0.4 tu, kwa hiyo macho hayatoshi, tumia rula nzuri au kalipa ya fundi.

Mtego wa kwanza: pete ya kidole cha kati kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kidole cha pete. Mtego wa pili: mkono anaoutumia zaidi huwa mnene kidogo. Muulize rafiki yake pete ile anaivaa wapi. Mtego wa tatu ni joto. Dodoma mwezi wa 7 asubuhi ni baridi, vidole vinasinyaa. Unguja kwa joto na unyevu vinavimba. Pete iliyomkaa sawasawa Makole saa 1 asubuhi itagoma kwenye kifundo akiwa pwani. Ukiwa njia panda, chukua kubwa kwa nusu saizi. Kupunguza ni kazi ndogo, kupanua kunataka kuongeza dhahabu. Ila pete yenye vito mzunguko mzima usiinunue kwa kubahatisha, haipunguzwi wala haipanuliwi bila kuharibu vishikio.

Dhahabu soma muhuri wa ndani: 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Karati 22 ni laini, kwa pete ya jiwe vishikio vinapinda. Kwa kazi hii 14 au 18. Isiyo na muhuri ipimwe mbele yako.

Wengi wanataka tanzanaiti kwa kuwa ni ya kwetu, inachimbwa Mirerani tu duniani kote. Nzuri, lakini ujue ugumu wake ni 6 hadi 7, almasi ni 10, yakuti ni 9. Mchanga mweupe wa Unguja hauna shida nayo, ule ni matumbawe yaliyosagika, laini. Adui wake ni vumbi la Dodoma, lile lina chembe za quartz, madini ya mchanga wa kawaida, zenye ugumu wa 7, ukifuta pete kwa kitambaa kikavu umeshaikwaruza. Jiwe liwekewe kingo ya dhahabu pande zote badala ya vishikio vinne, na lisafishwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Agiza wiki 3 kabla. Wiki ya mwisho iwe ya marekebisho.

#8 Kipusa_wa_Area_C

Naongezea ya kike. Mwezi huo rafiki yake amshauri atengeneze kucha kabla ya safari, kwa kisingizio chochote cha wikendi. Picha ya mkono ndiyo itakayozunguka magrupu yote.

Halafu Ijumaa usiku pale Forodhani atataka kuchorwa. Hina ya kweli ni kahawia na inataka saa kadhaa kukaa. Piko nyeusi ya haraka ina dawa ya kupaka nywele, wengine inawachoma ngozi na malengelenge yanatoka kesho yake. Mkono wa kushoto usiguswe mpaka Jumamosi mchana. Wewe kaka lipa hina ya mguu.

#9 MtuWaStesheni

Kuficha pete njiani: kwenye geti la boti mabegi yanapita kwenye mashine, na wewe unatoa vitu mfukoni. Kile kiboksi kinajulikana kwenye skrini, na askari akitaka kukiona atakifungua hapo hapo mwenzako akiwa nyuma yako. Itoe pete kwenye boksi. Ishone au ifunge kwa uzi ndani ya kipochi kidogo cha sarafu, kipochi ndani ya soksi, soksi ndani ya begi lako la mgongoni. Boksi tupu liende kwenye begi jingine ndani ya mfuko wa chaja. Panga foleni yeye mbele, wewe nyuma, begi lako lipite la mwisho.

Begi hilo usimpe mpagazi. Wala usiliache kwenye rundo la mizigo chini, kaa nalo.

Wote beba vitambulisho halisi, tiketi zinaandikwa majina. Tiketi na meseji za malipo zije kwenye simu ambayo yeye haijui nywila yake.

Kusi likiwa kali mkondo wa katikati unayumbisha. Dawa ya kichefuchefu mnunue famasi, inywewe kabla ya kupanda kama maelekezo yanavyosema, siyo baada ya kuanza kutapika. Nyingi zinaleta usingizi, ndiyo faida nyingine ya kufika Ijumaa. Kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma.

#10 DogoJanja88

Kwa nini msiende Nungwi au Kendwa? Ndiko kwenye mambo.

#11 Nahodha_Mstaafu

Kwa mtu wa siku 4 ningemwambia Kendwa. Inatazama magharibi, jua linazama baharini, na maji ya kule hayakimbii mbali kama ya mashariki, unaogelea saa yoyote. Lakini kutoka mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari kwenda na hivyo hivyo kurudi, kwa daladala ya 116 ni zaidi. Mtu mwenye Jumamosi moja anaikata vipande. Paje na Jambiani zinatazama mashariki, huko ni mapambazuko, jioni jua linazama nyuma ya minazi. Wapo wanaofika na mpiga picha saa 12 jioni Paje wakashangaa bahari iko gizani.

Abaki mjini.

#12 Picha_na_Kivuli

Nimesoma juu kuhusu mishumaa, waridi na droni. Vyote vitatu toa.

Mshumaa haukai kwenye upepo wa kusi, hata ndani ya glasi unazimika na glasi inaanguka. Waridi zilizomwagwa zinaruka baharini ndani ya dakika 2, mnabaki mnaokota takataka. Droni inataka kibali kilichoombwa mapema, siyo kitu cha kushtukiza, na hapo mjini uwanja wa ndege uko karibu. Mtu akikuambia "tunarusha tu" atakayesumbuliwa ni wewe mwenye tukio.

Mbadala ni kanga. Nunua doti moja soko la Darajani Ijumaa jioni kama maduka hayajafunga, au uje nayo. Kipande kimoja kinatandikwa mchangani, pembe nne zikandamizwe kwa mchanga, kingine anajitanda mabegani. Rangi nyekundu au manjano inakaa vizuri mno juu ya mchanga mweupe. Goti lako lipige juu ya kanga, mchanga mbichi unazamisha goti na suruali inabaki na duara la maji kwenye kila picha.

Ila someni jina la kanga kabla ya kulipa. Nusu ya kanga dukani ni vijembe vya jirani. Ukimtandikia mtu "Japo sipati tamaa sikati" hapo ni wewe unajieleza vibaya.

Picha: saa 3 asubuhi Julai jua liko upande wa mashariki, limeinuka lakini bado lina ubavu. Simama wewe kusini, yeye kaskazini, au kinyume chake, ili mwanga uwapige nyote ubavuni. Mmoja akitazama jua anakunja uso, mwingine anakuwa kivuli. Baada ya saa 4:30 jua liko juu, macho yanakuwa mashimo meusi, hapo tumia kanga kama kivuli au muache kupiga.

Mpiga picha wako ni msaidizi wa nahodha. Mfundishe ufukweni kabla bibie hajapanda: afute kioo cha kamera kwa fulana kavu, simu ailaze, abonyeze video na asiiguse mpaka umwambie. Picha za mnato mtazitoa ndani ya video. Mtu asiyezoea akiachiwa achague, anapiga tatu zenye kidole chake. Sauti haitarekodi, upepo unafunika. Kama unataka maneno yabaki, simu ya pili iwe mfuko wa shati lako, sauti inarekodi tangu mnashuka botini.

Maneno yawe machache. Pwani kuna upepo, hotuba ya dakika 5 haisikiki.

#13 MkaziWaMakole

Droni nimefuta, mishumaa nimefuta. Boti nakodije? Nikifika pale wanakuja kumi kwa mpigo.

#14 Nahodha_Mstaafu

Hao ni papasi, wengi hawana boti, wanakupeleka kwa mwenye boti na cha juu wanakula wao. Wakala mwenye leseni au hoteli yako ikufungie chombo mapema. Useme neno hili: "chombo changu peke yangu", siyo kiti kwenye safari ya pamoja. Safari ya pamoja inaanzia Changuu na inakufikisha fungu saa 5 na watu 40.

Kabla ya kulipa uliza: makoti ya kuokolea mangapi na yako wapi, nionyeshe. Mafuta yamo kwenye bei? Pana turubai la kivuli? Pana ngazi ya kushukia? Mnanisubiri au mnaniacha mkirudi baadaye? Jibu la hili la mwisho liwe "tunasubiri, nanga iko chini". Usikubali kuachwa juu ya fungu, kwa pesa yoyote. Lipa nusu, nusu mkirudi ufukweni, na bei iwe ya chombo, siyo ya kichwa.

Fungu halina choo, halina kivuli, halina maji. Bebeni lita 3 za kunywa, kofia, kandambili. Mtatembea maji ya magoti kushuka, kwa hiyo pete isiwe mfukoni wazi. Mfuko wenye zipu, au kile kipochi kimefungwa kwa uzi kwenye kitanzi cha suruali. Uzi ukate ukiwa juu ya kanga, siyo kabla. Na usivishe pete ndani ya boti hata bahari iwe kama kioo. Dhahabu ikigusa maji haielei, na bamvua linahamisha mchanga kila siku.

#15 Shangazi_Mwenyewe

Mwanangu, hongera. Lakini nyote humu mmepanga maji, upepo na kucha, nyumbani kwao hamkutaja.

Pete ya fungu siyo posa. Ni makubaliano yenu wawili. Kwa familia nyingi binti akirudi na pete kidoleni kabla mshenga hajapeleka barua, baba anaona amepitwa. Angalau mama yake au shangazi yake mmoja ajue mapema, na barua iwe imeandikwa, mshenga yupo, tarehe inapendekezwa wiki 2 au 3 baadaye. Akiulizwa "sasa?" awe na la kujibu.

Kama wao ni watu wa dini sana, uliza kwanza kama kushikana mkono na kuvishana mbele ya watu kunawafaa. Wengine pete inaletwa na wanawake wa upande wa mume nyumbani kwao, siku ya posa. Basi fungu mnakwenda mkiwa na maneno tu, pete inasubiri.

Vyumba viwili. Baadhi ya nyumba za wageni Zanzibar hawapokei mwanamume na mwanamke wasio na cheti cha ndoa chumba kimoja, na wanauliza mapokezini mbele ya watu. Mjini mabega na magoti yafunikwe, mabusu yabaki huko kwenye mchanga. Na safari kama hii isiangukie Ramadhani, mchana hakuna kula hadharani.

Picha zisipande popote mpaka mama yake amepigiwa simu. Status ikifika kwa shangazi wa Singida kabla ya mama, wewe umeanza vibaya.

#16 DogoJanja88

Shangazi amefunga mjadala 😂

#17 MkaziWaMakole

Hapana, mimi ninayo mawili bado. Shangazi, dada yake mkubwa anajua na mshenga ni baba yangu mdogo, barua iko tayari. Asante kwa la vyumba, nilikuwa nimelipia kimoja, nabadilisha leo.

Moja: hali ya hewa ikigoma Jumamosi asubuhi? Mbili: akisema hapana, au "nipe muda", tukiwa kwenye fungu?

#18 Nahodha_Mstaafu

La kwanza. Ijumaa usiku sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanataja upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani kwa majina. Ikitajwa Unguja, usibishane na nahodha anayekataa. Anayekubali ndiye wa kumuogopa.

Akiba ya kwanza ni Jumapili saa 3:30, mapema mrudi kabla ya boti ya Dar. Akiba ya pili ni paa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina sehemu ya kukaa juu darini inayotazama magharibi. Julai jua linazama kwenye saa 12:20 jioni, na giza linaingia ndani ya dakika 20 na ushee, kwa hiyo mezani muwe mmekaa saa 11:30. Agiza meza ya ukingoni, uliza kama pana ngazi nyembamba, zile za zamani ni kama ngazi za mnazi na gauni refu halipandi. Na huko ndiko utakakouona huo mwezi wako mpevu unachomoza juu ya mapaa jua likiwa linazama. Kwa hiyo hata fungu likifanikiwa, jioni mpeleke.

#19 Picha_na_Kivuli

La pili nijibu mimi. Msaidizi anayepiga video asishangilie, asipige makofi, mpaka umpe ishara. Mwambie hivyo wazi, maana wengi huanza vigelegele pete ikiwa bado hewani na mwenzako anajikuta anajibu umati. Chupa ya juisi na keki vibaki ndani ya boti mpaka jibu litoke. Keki iliyoandikwa "Amesema ndiyo" usiagize kabisa, agiza isiyo na maandishi.

Ishara iwe kofia. Ukiivua, jibu limetoka, walete keki. Ikibaki kichwani, wanavuta nanga na mnarudi kama watu waliotoka kutembea, nusu saa mko mjini, hakuna aliyejua.

#20 MkaziWaMakole

Kofia. Sawa. Nimenakili kila kitu, nanunua tiketi leo.

#21 Nahodha_Mstaafu

Na hiyo kofia itie kamba ya kidevuni. Kusi likikuvua kabla hajajibu, utaletewa keki.